Deizi Zinazovuka Kiangazi

Hotuba hii niliitoa mapema Desemba mbele ya vikundi vya akina mama na vijana wa bustani wa mtaani kwetu hapa Dodoma. Tulikaa chini ya mwarobaini, nje ya ofisi ya mtaa. Waliokosa kufika waliomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana wa vitalu: Mbukwenyi!

Asanteni. Tuanze na kazi. Kichwa hiki cha alizeti nimekimwagilia nyumbani kwa ajili ya leo, maana za mashambani hata hazijapandwa. Naomba kizunguke. Kikikufikia, chomoa kipande kimoja kutoka katikati, kiweke kiganjani, kitazame vizuri. Utaona kijibomba cha manjano chenye mdomo uliopasuka, na chini yake punje laini, nyeupe. Punje hiyo ni mbegu inayoanza. Kijibomba hicho ni ua kamili, lina upande wake wa kiume na wa kike. Hata petali hizi za pembeni, kila moja ni ua, ila lenyewe halizai; kazi yake ni kumwita nyuki. Kwa hiyo ulichoshika hapo si ua moja. Kichwa kikubwa cha alizeti kinabeba maua zaidi ya elfu moja yaliyokaa bega kwa bega.

Nimekuwa bibi shamba miaka 31, Kongwa, Mpwapwa na Bahi, na muda wote huo alizeti kwangu ilikuwa magunia na mafuta. Nilipostaafu ndipo nikapata nafasi ya kuwaangalia ndugu zake. Pareto ya Mufindi na Njombe ni ndugu yake. Mashona nguo yanayong'ang'ania pindo la kanga ukipita njiani ni ndugu yake. Bangi mwitu yenye harufu kali kandokando ya mashamba, ndugu yake pia. Na yale maua ya bustani tunayoyaita deizi, yenye jicho katikati na miale kulizunguka, ni wa ukoo huohuo. Leo nimekuja kwa ajili ya hizo deizi, hasa zile za kudumu, ambazo unazipanda mara moja, zinakaa miaka, zinazaa watoto pembeni, nawe unawagawia majirani.

Nina uchungu na jambo hili, na nitawaambia kwa nini. Mwaka mmoja kuna ofisi hapa mjini, sitaitaja, ilikuwa inapokea mgeni mwezi wa Septemba. Ikanunua miche 600 ya maua ya msimu, ikaletwa kwa lori, ikapandwa siku tatu kabla ya mgeni kufika. Niliwaambia, jamani, Septemba ni upepo mkavu na jua kali, subirini mvua. Mgeni alikuja, picha zikapigwa, na kufikia katikati ya Oktoba palibaki vijiti. Nilipita nikahesabu miche iliyokuwa hai: 11. Fedha ziliniuma, lakini maji yaliniuma zaidi. Maji yalimwagwa pale kila jioni, wakati kuna mitaa akina mama walikuwa wanakesha na ndoo wakisubiri zamu ya bomba.

Sasa, neno ninalotaka tuelewane leo ni kustahimili. Ukisoma maelezo ya maua yanayotoka Uingereza, utaambiwa deizi fulani ni ya kudumu, inastahimili. Wenzetu wakisema hivyo wanazungumzia baridi. Wanamaanisha mmea unaoweza kulala ardhini Desemba na Januari, udongo umeganda, theluji juu yake, halafu ukaamka baridi ikipungua. Hilo ndilo jaribio lao. La kwetu ni jingine. Dodoma mvua inaanza Desemba, na Aprili ikiisha nayo imekwisha. Kwa mwaka wa kawaida tunapata milimita 550 hadi 600, tena zinakuja kwa vishindo, na katikati ya msimu mvua inaweza kukatika wiki mbili au tatu mpaka mtama unajikunja. Baada ya hapo ni miezi saba ya ukavu: baridi ya Juni na Julai, upepo wa Agosti na Septemba unaookota mchanga na kuutupa machoni, kisha jua la Oktoba. Mmea wa kustahimili, kwetu sisi, ni ule unaovuka hapo.

Mkizilinganisha orodha hizo mbili, yao na yetu, mtaona zinapishana kabisa. Gazania, deizi ambayo hapa kwetu haimsumbui mtu, Uingereza inahesabiwa kuwa dhaifu. Baridi kali ikiipiga inakufa, kwa hiyo wengi huipanda upya kila mwaka. Na deizi yao wanayoitegemea sana, mimi hapa ilininyima ua miaka miwili mizima.

Hiyo inaitwa Shasta. Ua lake ni kubwa, jeupe pe, na jicho la manjano. Aliyeitengeneza ni Mmarekani, Luther Burbank, aliyekuwa na bustani Santa Rosa, California. Alichanganya deizi za Ulaya, akaja kuongeza na ya Japani, akawa anachagua na kutupa, anachagua na kutupa, kwa miaka kama 17. Akaitoa kwa watu mwaka 1901, akaipa jina la mlima wenye theluji wa kaskazini mwa California. Binti yangu aliniletea pakiti ya mbegu zake. Ziliota vizuri kuliko nilivyotegemea. Majani yakawa mazito, ya kijani kama sukuma wiki. Nikangoja ua. Nikaongeza samadi, nikapunguza samadi. Nikahamishia kivulini, nikarudisha juani. Mwaka wa pili, majani tu.

Sababu ni urefu wa mchana. Mimea mingi inapima urefu wa usiku. Shasta nyingi hazianzi kutengeneza ua mpaka mchana ufike saa 14 au zaidi, na baadhi hutaka zipigwe kwanza na baridi kwa wiki kadhaa. London mwezi Juni jua linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku; mchana unazidi saa 16. Hapa Dodoma mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni havitofautiani hata kwa saa moja. Shasta yangu ilikuwa inasubiri siku ndefu ambayo nchi hii haina. Mbegu hazikuwa na kosa, udongo haukuwa na kosa, wala mikono yangu. Pareto nayo ni hivyohivyo kwa upande wa baridi. Inahitaji usiku wa baridi kwa wiki kadhaa ndipo ifanye maua, ndiyo maana iko Mufindi, Njombe na milima ya Mbeya, na huwezi kuiona Hombolo. Ipande hapa, itakupa majani.

Kwa hiyo kijana wa kitalu akikuuliza, "Mama, nikuletee deizi gani?" usimwonyeshe picha ya kwenye simu. Muulize imetoka nchi ya namna gani. Sisi tutafute zilizozaliwa penye jua na ukavu, na bahati nzuri nyingi ni za bara letu.

Nianze na gazania, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Asili yake ni Afrika Kusini. Kuna ya manjano, ya machungwa, nyekundu iliyoiva, na yenye mistari kama kitenge. Huyu hapa mmoja kwenye kopo. Ligeuze jani. Juu ni kijani cha kung'aa, chini ni jeupe kama limepakwa unga. Ukiligusa ni laini kama sikio la ndama. Weupe huo ni vinyweleo vilivyosokotana, vinausaidia mmea usipoteze maji jua linapowaka. Tena gazania inavumilia chumvi; kuna nchi inapandwa hata karibu na bahari. Nanyi mnayajua maji ya visima vyetu vingi, mnaona sufuria ya chai inavyoota gamba. Maji yaleyale yanayounguza kingo za maua mengine, gazania inayanywa na kuchanua.

Ina tabia moja lazima uijue kabla ya kuchagua mahali. Inafumbua jua likishapanda, saa 3 au saa 4 asubuhi, na jioni inafumba. Siku ya mawingu mazito haifunguki kabisa. Hata jina la deizi kwa Kiingereza lilitokana na maneno ya kale yenye maana ya jicho la mchana, kwa ajili ya kijiua kidogo cha Ulaya chenye tabia hiyo. Basi usiipande chini ya mwembe, wala upande wa nyumba usiopata jua. Na usiikate kwa ajili ya meza ya harusi ya usiku, itakuaibisha.

Kuipanda sasa. Udongo wetu mwekundu wa kichanga unafaa, ila ukishapigwa na mvua unafanya ukoko mgumu juu. Chimba mpaka sentimita 30, vunja ukoko wote, changanya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa mashina sita hivi. Usizidishe. Gazania ikishiba samadi inanenepa majani na kusahau maua. Acha sentimita 25 kati ya shina na shina. Halafu linakuja suala la matandazo, na hapa naomba vijana mnisikilize, kwa sababu vitabu vingi vitawaambia mtandaze nyasi au mabua. Kwa mboga, sawa. Kwa ua la kudumu hapa Dodoma, mabua makavu ni karamu ya mchwa, na mchwa wakimaliza mabua wanaingia kwenye shina. Mimi natandaza kokoto ndogo. Mji huu umekaa juu ya mawe, kokoto hazitupi shida. Tandaza unene wa vidole viwili. Zinazuia ukoko, zinatunza unyevu chini, na zinaacha shina likiwa kavu pale linapogusa ardhi. Tangu nianze kokoto, dumu moja la lita 20 linatosha mashina kumi kwa wiki nzima ya kiangazi. Namwagilia mara moja, taratibu, maji yashuke mpaka kwenye mizizi. Ukimwaga kikombe kila jioni unaifundisha mizizi ikae juu, na jua la Oktoba litaikuta hukohuko juu.

Ya pili ni gerbera, ambayo wengi mnaijua kwenye mashada ya harusi. Nayo ni ya Afrika Kusini, sehemu za Barberton. Bua refu lisilo na jani, ua kubwa kama kisosi, la waridi, jeupe, jekundu, la machungwa. Hii si ngumu kama gazania, sitawadanganya. Inataka kivuli chepesi kuanzia saa 8 mchana, inataka maji mara mbili kwa wiki kiangazi, na chumvi haiipendi. Ukiona majani yake machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, na mara nyingi ni kwa sababu ya maji ya chumvi na chokaa. Gerbera zangu nazinywesha maji ya mvua. Fanyeni hesabu pamoja nami: bati la mita 10 kwa 8, mvua moja ya milimita 20, ni karibu lita 1,600. Hata robo ikipotea, umejaza mapipa sita ya lita 200. Mvua inaanza wiki hizi. Kama huna mfereji wa bati, fanya bidii uupate kabla hujafikiria ua.

Kinachoua gerbera kuliko chochote ni kuzika kitovu chake. Kitovu ni pale majani yote yanapotokea, pale katikati. Mtu anachimba shimo, anaweka mche, anashindilia udongo mpaka juu kwa upendo wote, na baada ya mvua mbili kitovu kinaoza. Kitovu kikae juu ya udongo, kionekane, hata mche ukionekana kama unataka kuanguka. Panda juu ya tuta ili maji ya vishindo vya Januari yasisimame. Na ukitaka kuchuma ua, usikate kwa kisu. Shika bua chini kabisa, lizungushe kidogo, livute. Likibaki kipande, kinaoza na kushuka mpaka kwenye kitovu. Kwenye chupa weka maji kidogo, urefu wa vidole vitatu. Bua lake lina vinyweleo, likizama sana linaoza.

Kuna nyingine wanaiita deizi ya Afrika, yenye petali nyeupe au za zambarau na jicho la buluu iliyoiva. Hiyo inachanua wakati wa baridi yetu, Juni mpaka Agosti, ni tamu sana kuitazama. Joto likija inanyamaza. Msiing'oe mkidhani imekufa. Ikateni theluthi moja, muipe maji kidogo, muingojee. Na krisanthemamu ni kinyume cha Shasta: inachanua usiku ukiwa mrefu, na usiku wetu unaitosha mwaka mzima. Wakulima wa maua wa maeneo ya Ikweta huiwashia taa usiku ili iendelee kurefuka kabla haijafikiria kuchanua. Sisi tusio na taa, tuikubali ikiwa fupi. Inapendeza hivyohivyo.

Si kila ndugu wa ukoo huu anakaribishwa nyumbani. Ile inayotambaa, yenye majani ya kung'aa na maua madogo ya manjano, mnaiona Dar es Salaam imepandwa badala ya majani ya ukoka. Inaota mizizi kila kifundo kinapogusa chini. Imo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na mtu anakupa bure kwa nia njema. Kataa. Baya zaidi ni gugu karoti, ambalo kwa nchi yetu lilianza kuonekana Arusha. Jani lake kama la karoti, maua madogo meupe kama punje za mchele. Linawasha ngozi, linabana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yanaharibika ladha. Husafiri kwenye samadi, mchanga na udongo wa miche. Ukinunua mche kutoka mbali, angalia kopo lake lote. Ukiliona gugu hilo, vaa glavu, ling'oe kabla halijachanua, mwite afisa ugani.

Wadudu nitawapitia haraka. Vidukari wanakaa kwenye machipukizi, utitiri mwekundu unakaa chini ya majani ya gerbera kiangazi kikikolea, na utaujua kwa utando mwembamba kama wa buibui. Kwa wote hao, maji yenye sabuni kidogo, yapulizie chini ya jani asubuhi, rudia baada ya siku nne. Mbuzi ni shida kubwa kuliko utitiri. Zungusha minyaa, au miiba, na uzibe nafasi mapema.

Sasa naja kwenye meza hii, maana ndiyo iliyonileta.

Gerbera hii niliipanda miaka mitatu iliyopita ikiwa shina moja. Angalieni sasa. Jana jioni niliimwagilia, leo asubuhi nikaichimba na kuikung'uta udongo. Ukiitenganisha majani unaona vitovu, kimoja, viwili, vitatu... tisa. Vimebanana. Katikati pameanza kuwa patupu, na mwaka huu ilinipa maua machache kuliko mwaka jana. Hiyo ndiyo dalili. Ua la kudumu likibanana linajinyima lenyewe, kwa hiyo kila mwaka wa pili au wa tatu lazima uligawe, upende usipende. Kisu kiwe kikali, nacho nimekipitisha kwenye maji ya jiki. Napita hapa, kati ya kitovu na kitovu, nahakikisha kila upande umeondoka na mizizi yake. Mnasikia mlio? Shina zima linalia hivyo. Lililooza halilii, linapondeka, nalo nalitupa. Majani nayakata nusu, ili mizizi michache isibebeshwe mzigo wa majani mengi. Halafu nayaacha majeraha yakauke kivulini kama saa moja ndipo nipande.

Gazania ni rahisi zaidi. Unashika kichipukizi cha pembeni, unakivuta kuelekea chini, kinatoka na kisigino chake. Kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Kwangu wiki tatu zinatosha kuota mizizi.

Nimekuja na gerbera nne za kugawa na beseni hili la gazania. Mwenyekiti ana orodha ya kaya, tuanze na wale ambao uwanja wao hauna kitu. Sitaki fedha. Ninachotaka ni kwamba Desemba ya mwaka wa tatu, utakapoona vitovu vimebanana, uje hapa chini ya mwarobaini na kisu chako, ugawe kwa wa mtaa wa pili. Makopo yako pale, mchanga uko pale. Mama wewe wa kanga ya kijani, njoo ushike kisu. Huyu anza naye. Hapana, sogeza kidogo kushoto, hapo kuna mzizi mnene. Hapo sawa.